Miaka 18 kwenye mabomba, halafu nikawa mshauri

Niliiona ripoti yangu ya kwanza ya ushauri wa maji mwaka 2021 kwenye kabati la ofisi ya ufundi, mji mmoja wa kanda ya ziwa ambao sitautaja jina. Nilikuwa napita tu na safari zangu nyingine, nikaingia kusalimia, nikamwomba kijana wa pale anitolee niangalie namba fulani ya presha niliyoipima kipindi kile. Akaivuta kutoka chini ya mafaili. Kurasa 143, jalada la plastiki, na kwenye mfuko wa nyuma kuna ramani ya A1 ya mtandao mzima wa mabomba ya mji ule, ramani niliyoichora wiki 3 nikaikunja kwa mkono wangu mwenyewe na kuibana kwa klipu nyekundu ili isifunguke njiani. Klipu ilikuwepo. Ramani ilikuwa imekunjwa vilevile, mikunjo imenyooka kama imepigwa pasi, hakuna mtu aliyewahi kuifungua tangu siku niliyoikabidhi.

Niliishiwa nguvu. Nikamrudishia kijana, nikamshukuru, nikaenda stendi kusubiri basi na nilikaa pale saa nzima bila hata kununua maji.

Naandika haya kwa ajili ya watu wa rika langu, wewe una miaka 15 au 20 kazini, kazi yako unaijua vizuri, na kila siku unawaza kuacha ajira uingie kwenye ushauri. Mimi nimepita hiyo njia na kuna vitu natamani mtu angenikalisha chini akaniambia.

Mimi ni injinia wa maji. Nimekaa mamlaka ya maji miaka 18, nilianza kwenye matengenezo, nimeshakesha mtaroni na mafundi bomba la inchi 10 limepasuka na nusu ya mji haina maji, nikapanda taratibu mpaka nikawa mkuu wa kitengo. Niliacha mwezi wa pili 2019 nikiwa na miaka 44. Sikufukuzwa, sikugombana na mtu. Ni kwamba nilikuwa nawaona washauri elekezi wanakuja ofisini kwetu, wanakaa wiki mbili, wanatuuliza sisi maswali, wanaandika majibu yetu sisi, halafu wanalipwa hela ambayo mimi naipata kwa mwaka mzima. Nikasema kwa nini nisiwe mimi. Nasema ukweli wangu, hiyo ndo sababu iliyonitoa, zile sababu nzuri nzuri zimekuja baadae njiani.

Kitu kimoja nilifanya sawa, nilimaliza kwanza mkopo wa benki niliouchukua kwa dhamana ya mshahara. Kama unao na unataka kuacha kazi, nakuomba sana maliza kwanza, maana ule mkopo ulipangwa kwa mshahara unaoingia kila mwezi na hela ya ushauri haina mwezi, inaingia inavyotaka yenyewe. Nilikokosea ni akiba. Niliweka hela ya kula miezi 8 nikajiona nimejipanga kweli kweli. Malipo yangu ya kwanza ya ushauri yaliingia mwezi wa 11 tangu niache kazi! Ile miezi mitatu ya katikati nyumba aliibeba mama watoto na duka lake la vifaa vya shule, na hakuwahi kunisema hata siku moja, ila nilikuwa namwona anavyohesabu hela usiku kabla ya kwenda kufuata mzigo.

Na bima. Hii inaniuma mpaka leo. Kadi ya bima ya afya inakwenda na ajira, ukiacha kazi na kadi imeondoka, wewe na familia nzima. Nilijua kichwani lakini sikutafuta mbadala, nikawa nasema nitashughulikia wiki ijayo. Mtoto wetu wa mwisho akashikwa na nimonia mwezi wa sita, nikasimama dirishani kwa keshia nikalipia kitanda, dawa, vipimo, oksijeni, kila kitu hela taslimu. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini usiache kazi bila kuwa na bima nyingine mkononi, iwe ya kulipia mwenyewe au ya mwenza wako, iwe imeshaanza kufanya kazi kabisa. Pensheni nayo usiihesabu, umri wa kustaafu kwa hiari ni 55 na mimi nilikuwa 44, kwa hiyo hapo katikati ni wewe na nguvu zako.

Mambo ya makaratasi sitakaa nayo sana. Jina la biashara kwa wasajili wa BRELA, TIN ya biashara (namba ya mlipakodi), mashine ya risiti, hayo utayafanya. Viwili tu vilinishtua. Cha kwanza, kuwa umesajiliwa Bodi ya Wahandisi kama mhandisi mtaalamu haikufanyi uwe mhandisi mshauri, ni daraja jingine na maombi yake ni mengine, anza mapema. Cha pili ni VAT, nilidhani itanihusu nikishakuwa mkubwa kama wenye maduka wanavyosubiri kufika kiwango cha mauzo, kumbe sisi wa huduma za kitaalamu hatusubiri hicho kiwango. Tafuta mhasibu wa kukulinda kwenye haya, hata wa kumlipa kwa miezi mitatu mitatu, atakuokoa pakubwa.

Sasa hiyo kazi ya kwanza, ya ile ripoti. Mkurugenzi wa pale kipindi hicho alikuwa ananifahamu, tumekutana sana kwenye vikao. Akanipigia akasema injinia nimesikia uko huru, njoo utuangalizie mtandao wetu, maji yanapotea hatujui yanakwenda wapi. Mimi nilikuwa na miezi sita sijagusa hela. Tukaelewana milioni 9 kwa siku 30, kwenye simu, halafu ukaja mkataba wa kurasa mbili nikausaini siku hiyohiyo bila kuusoma mara ya pili. Kwenye hadidu za rejea, yaani orodha ya kazi ninazotakiwa kufanya, mstari wa mwisho uliandikwa "na kazi nyingine zozote zitakazoelekezwa na mteja". Nikaupita kama sijauona.

Ule mstari ulinila. Nikaombwa niwafundishe vijana kutumia programu ya ramani, sawa. Nikaombwa nisaidie kusafisha orodha ya wateja kwa sababu ankara zilikuwa zinatoka kwa majina ya watu waliohama, sawa. Nikaombwa niandae mada ya kikao cha bodi, kikao kikaahirishwa mara mbili, na mara zote mbili mimi nilikuwa nimeshafika nalala gesti kwa hela yangu. Siku 30 zikawa 71. Nauli na malazi yakanila milioni 2 na laki 6. Na kwenye malipo wakakata asilimia 5 ya kodi ya zuio, laki 4 na nusu, na mimi nikadhani hiyo hela ndo imekufa, sikujua kwamba natakiwa kudai cheti cha hiyo kodi ili ikahesabiwe kwenye kodi yangu ya mwaka. Mhasibu kaja kuniambia baada ya mwaka mzima. Nikipiga hesabu ya kilichobaki nikigawa kwa siku 71 ni elfu 83 na kitu kwa siku.

Halafu nusu ya malipo ilisubiri "kukubaliwa kwa ripoti". Imekubaliwa lini, na nani, ndani ya siku ngapi, hakuna palipoandikwa. Nikakabidhi mwezi wa 11, ikakaa mezani kwa mtu. Kila nikipiga simu naambiwa tunaisoma injinia, tunaandaa maoni. Maoni hayajawahi kuja mpaka leo, kilichokuja ni hela mwezi wa kwanza 2020 baada ya mimi kwenda kukaa nje ya ofisi ya mhasibu siku mbili mfululizo. Siku hizi kila mkataba wangu una sentensi inayosema maoni yasipoletwa ndani ya siku 14 ripoti itahesabika imekubaliwa. Hakuna mteja amewahi kuikataa hiyo sentensi, hata mmoja, ni vile tu sikujua kwamba inaandikika.

Bei ndo kitu kigumu kuliko vyote kwa sisi tuliotoka kwenye mshahara. Mtu unajua mshahara wako ulikuwa kiasi fulani, unagawa kwa siku 22 za mwezi unasema basi hiyo ndo bei yangu ya siku. Hapana jamani. Mwaka 2021 nilikaa na daftari nikahesabu siku nilizouza kweli, siku ambazo mtu kanilipa, zilikuwa 96. Mwaka una siku 365, toa Jumamosi na Jumapili 104, toa sikukuu, toa kuugua na misiba, zinabaki kama 225 hivi, na zaidi ya nusu yake nilikuwa naandika maombi ya tenda ambazo sikupata, nafuatilia malipo, niko safarini, nasoma. Hizo hakuna anayelipa. Sasa kama nataka nyumbani ibaki milioni 4 kwa mwezi hiyo ni milioni 48, weka gharama za kujiendesha, gari, bima, ada za bodi, bando, mhasibu, kwangu zilikuwa milioni 14, jumla 62. Gawa kwa 96 unapata kama laki 6 na elfu 46 kwa siku, na hapo bado kodi ya mapato. Siku niliyopata hiyo namba nilitetemeka, nikasema nani atanilipa hiyo. Wanalipa. Wasiolipa wanakuwa na sababu zao, na kazi niliyowahi kuifanya chini ya hapo ndo kazi zilizonitesa zaidi.

Utaambiwa injinia wewe ni mwenzetu bwana, tusaidie, utuangalie na sisi. Na ni kweli ni wenzangu, najua bajeti zao, nimekaa upande ule miaka 18. Ninachofanya ni kupunguza kazi. Huna milioni 16, una milioni 9, basi tufanye kanda moja ya mji badala ya tatu, tuimalize vizuri muone faida yake, hizo nyingine mtaenda nazo wenyewe. Bei ya siku haiguswi. Nikiigusa mara moja tu, mji wa jirani utaijua kabla sijafika nyumbani, hawa watu wote wako group moja la WhatsApp na mimi zamani nilikuwemo.

Kuna ishu ya CV lazima niiseme, nimeona imewaumiza wengi. Ukiwa na miaka mingi kwenye fani, CV yako ni maksi. Kampuni ikiomba tenda kubwa ya ushauri inapimwa kwa wataalamu wake, kwa hiyo watakutafuta, watakuita kaka, watakulipia chakula cha mchana hoteli nzuri Dar, wataomba usaini CV. Mimi nilisaini. Kampuni ikashinda, nikaona kwenye matangazo imeshinda, nikasubiri simu. Nikapiga mwenyewe, nikaambiwa mteja amependekeza mtu mwingine. Baadae nikaja kukutana na huyo mtu mwingine, kijana mzuri tu, ana uzoefu wa miaka mitano, wamempa nusu ya bei yangu. Yeye hana kosa. Sasa hivi nikisaini CV nina vitu vitatu: namba ya tenda imeandikwa kwenye CV yenyewe ili isitumike kwingine, kuna barua ya kampuni inayosema siku zangu ni ngapi na bei yangu ya siku ni kiasi gani, na nakala ya vyote nabaki nayo. Tangu serikali ihamie NeST, mfumo wake wa manunuzi mtandaoni, mwaka 2023 mambo mengi ya tenda yako kwenye mfumo, lakini huo mfumo haujui uliahidiwa nini kwenye meza ya chakula.

Na kwa mwajiri wako wa zamani, ondoka na kichwa chako tu. Usibebe mafaili, usibebe orodha ya wateja, usibebe ile programu ya ofisi kwenye laptopu. Mimi nilijiwekea miaka miwili sifanyi kazi yoyote ya pale nilipotoka, japo nilipigiwa simu mara mbili na njaa ilikuwepo, kwa sababu watu niliowaacha kule ni walewale niliokuwa nawapangia kazi na wangeshindwa kunikatalia.

Haya, sasa nifike kwenye kazi iliyonibadilisha, maana haya yote niliyosema juu ni namna ya kutokufa njaa. Ushauri wenyewe nilikuja kuujua mwaka 2022.

Ni mamlaka ndogo, wateja kama 4,000, mji una mgao, na upotevu wa maji ulikuwa asilimia 41. EWURA, wanaosimamia huduma za maji na nishati, wanataka angalau ushuke chini ya 20. Mkataba wa siku 25, safari hii nimeusoma mstari kwa mstari. Siku ya kwanza nikaomba jambo moja tu, nipewe fundi bomba aliyekaa pale muda mrefu kuliko wote. Wakanipa mzee mmoja, amebakiza miaka miwili astaafu, mpole, anatembea na kipande cha nondo kama mita moja na nusu, kimechongwa upande mmoja na upande mwingine amekizungushia mpira wa tairi.

Kupima upotevu kunafanyika usiku, saa 8 mpaka saa 10, watu wamelala, bomba hazifunguliwi, kwa hiyo maji yanayoendelea kuingia kwenye kanda mengi yake ni yale yanayovuja. Ila kwenye mji wa mgao ukipima ovyo utadanganyika, maana maji yakija usiku watu wanaacha koki wazi yajaze simtanki. Tukasubiri kanda ipate maji siku mbili mfululizo, simtanki zimejaa zote, usiku wa tatu tukaingia. Kwenye dira kubwa, yaani mita ya maji, ya pale tangini zinapita lita 14 kwa sekunde. Mji umelala, mbwa tu. Tukaanza kufunga valvu moja moja, tawi la mbali kwanza, mimi niko kwenye dira na yeye na vijana wanafunga wananipigia simu. Tawi la kwanza, hakuna kitu. La pili, imeshuka kidogo sana. Walipofunga tawi linalovuka barabara kuu, namba ikaporomoka kutoka 14 mpaka 9. Lita 5 kila sekunde zinaenda upande ambao una wateja kama 200 na wote wamelala.

Nikawafuata kwa miguu. Mzee akaniambia fungua tena. Akashuka kwenye chemba, akaiweka ile nondo juu ya valvu, sikio kwenye ule mpira, akafumba macho. Kisha akanipa mimi. Nilishuka, nikaweka sikio, na nikasikia kama mtu anakaanga kitu nyumba ya tatu, mlio mwembamba usiokatika. Nimesoma habari ya mlio huo chuoni, nimetumia mashine za kuusikiliza, lakini usiku ule ndani ya shimo ukiwa na tochi mdomoni unaingia mwilini kwa namna nyingine.

Nikamwambia mzee tumeipata! Akasema ndio injinia, hii iko hapa tangu 2017.

Asubuhi akanionyesha kaunta buku. Anaandika kila tukio, tarehe, mahali, vifaa alivyotumia. Kurasa tatu tofauti, 2017, 2018, 2020, mwandiko uleule, "presha inashuka baada ya kalavati, maji hayaonekani juu". Na alitoa taarifa kila mara. Nikaanza kufuatilia kwa nini haikutengenezwa, ofisi moja baada ya nyingine. Mkuu wa ufundi akasema bomba liko chini ya barabara ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, huwezi kuikata bila kibali, na gharama ya kukata na kurudishia lami ni kubwa, jumla kama milioni 19, hana hiyo hela kwenye kasma yake, fungu lake la bajeti. Mhasibu akasema hajawahi kuona ombi kwa maandishi, na lingekuja angeuliza tunapata nini kwa hiyo milioni 19. Mkurugenzi akasema amesikia habari ya hilo bomba, lakini hakuna mtu aliyewahi kumwambia linapoteza kiasi gani, yeye ana mabomba mabovu kila kona.

Unaona ilivyokaa. Kila mmoja ana kipande chake, na kila mmoja hana kosa akiwa amekaa mezani kwake.

Nikaandika ukurasa mmoja. Lita 5 kwa sekunde ni lita 432,000 kwa siku, yaani yuniti 432. Bei yao ya wastani tulikadiria shilingi 1,300 kwa yuniti, ni shilingi 561,600 kila siku ya Mungu. Ukitumia milioni 19 inarudi kwa siku 34. Nikaongeza mstari kwamba hesabu hii inashika kwa sababu mji una mgao na kuna watu wanaosubiri hayo maji wayalipie, mji usio na mgao ungehesabu vingine, maana sikutaka mhasibu aje agundue mwenyewe baadae akaacha kuniamini. Nyuma ya ukurasa nikaweka picha za zile kurasa tatu za kaunta buku, na rasimu ya barua ya kwenda TANROADS, imekamilika, imebaki sahihi. Mkurugenzi aliusoma amesimama. Akaomba kalamu.

Kibali kilichukua wiki sita. Barabara ikakatwa usiku wa Jumapili nusu nusu ili magari yapite. Kiungio cha bomba la inchi 6 kilikuwa kimechomoka, maji yanaingia moja kwa moja kwenye kalavati yanakwenda mtoni, ndo maana hayakuonekana juu miaka yote mitano. Walipoziba tukapima tena usiku uleule wa kimya, 14 imeshuka mpaka 9.6. Mitaa miwili ya juu iliyokuwa inapata maji mara moja kwa wiki ikaanza kupata mara tatu.

Nililipwa siku 25 kwa bei yangu kamili. Na njiani narudi nikajiuliza wamenilipa kwa ajili ya nini hasa. Kwa kujua bomba linavuja wapi? Mzee alijua miaka mitano kabla yangu. Walinilipa kwa ule ukurasa mmoja, kwa kuichukua kaunta buku ya fundi nikaigeuza kuwa hesabu ambayo mhasibu anaiamini na barua ambayo mkurugenzi anaweza kuisaini asubuhi hiyohiyo. Miaka yangu 18 ilinisaidia kwa sababu ofisi zote tatu nimeshakaa karibu nazo, najua kila mmoja anaogopa nini. Kijana mwenye digrii mbili anaweza kunishinda kwenye kompyuta lakini hajawahi kunyimwa kibali cha kukata barabara, hajui barua hiyo inakwama wapi.

Ndipo nikaikumbuka ile ripoti ya kurasa 143. Ilikuwa na mapendekezo 38. Yote sahihi, nayasimamia mpaka leo. Lakini hakuna hata moja lililosema anza na hili, litagharimu kiasi hiki, litarudisha kiasi hiki, barua yake hii hapa. Na ile ramani niliichora gestini, peke yangu, kwa data za GPS na michoro ya zamani, fundi yeyote wa pale hakuigusa. Kwa nini waifungue?

Mwaka 2023 nilimpigia mkurugenzi mpya wa mji ule. Nikamweleza mimi ni nani, nikamwomba siku tatu na mafundi wake na wasoma dira, nikamwambia sitatoza kitu. Hapa sivunji niliyosema kuhusu bei, ile kazi mimi sikuwa nimeimaliza, na iliniwia deni.

Nikaifungua klipu nyekundu mwenyewe. Tukaitandaza ramani sakafuni kwenye karakana, haitulii kwa sababu ya mikunjo, mafundi wakaleta viungio vya bomba, tii na elbo za chuma, wakazikandamiza kwenye pembe nne. Wakaizunguka wamechuchumaa, wamenyamaza kidogo. Halafu fundi mmoja akaweka kidole karibu na stendi akasema injinia, hapa valvu haipo, ilifukiwa walipojenga stendi, iko chini ya kibanda cha chipsi. Dada mmoja msoma dira akasema na huu mtaa una laini mbili siyo moja, moja ni ya watu wenyewe walichanga, inatoa maji mpaka leo na haina dira. Nikawapa kalamu nyekundu. Mpaka saa 10 jioni ramani ilikuwa na masahihisho 31, na kwenye kona ya chini kulia, pale nilipoandika "imechorwa na", wakaongeza majina yao sita, halafu wakaipiga misumari ukutani juu ya meza ya vifaa.